Jeshi la Nchi Gani?

Mji mzima ulimwita Afande, na mimi nilimwita hivyo miaka yote niliyomfahamu, ingawa hakuwahi kuwa askari. Alikuwa raia aliyeajiriwa katika karakana ya jeshi, mbali na kwetu, akitengeneza redio za mawasiliano. Karakana ilipopunguza watu akaja Sumbawanga na sanduku la vifaa na mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyeji wa Ufipa. Hakuyaficha hayo. Angemwambia yeyote aliyemuuliza, ila watu hawakuuliza. Walimwona anavyonyoosha mgongo na anavyokata maneno, wakamwita Afande, basi.

Hakuweza kukaa. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu yeyote aliyewahi kumpelekea kifaa angekuambia. Kibanda chake na steshenari yangu vilitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, na kutwa nzima nilisikia viatu vyake: hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Alikuwa na stuli moja, akaitumia kuwekea mifuniko ya redio alizofungua. Alilehemu akiwa amesimama, alikunywa chai akiwa amesimama, na kanisani alisimama nyuma karibu na mlango hata mabenchi yalipokuwa wazi. Padri akianza mahubiri, Afande alitoka, akalizunguka kanisa mara mbili au tatu katika upepo ule wa asubuhi, akarudi wakati wa Nasadiki. Mkewe aliniambia kwamba hata shambani alipanda mahindi kama mtu anayefukuzwa.

Ilikuwa miaka ambayo soko lilikuwa limefunguliwa na vitu vinaingia kuliko tulivyoweza kuvijua. Zamani tulingoja redio ya aina moja kutoka duka la ushirika, na ikifika tuliikubali ilivyo. Sasa malori yalipanda kutoka Tunduma yakipitia Laela na Mpui, yakishusha radiokaseti za spika nne, tochi, televisheni, stabilaiza, na baadaye kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya. Kila kitu kilikuja na maneno juu yake. Kilikuwa asilia, kilikuwa cha kisasa, kilikuwa cha daraja la kwanza. Na yaliyopendwa kuliko yote yalikuwa maneno ya jeshi. Tochi ya jeshi, saa ya jeshi, betri ya jeshi. Ukiwa na kitu cha jeshi ulionekana umenunua kwa akili.

Nakumbuka mfugaji mmoja, Msukuma wa kule bonde la Rukwa, aliyekuja na tochi ndefu ya kijani. Alikuwa amevuka nayo mto pamoja na ng'ombe wake na haikuwaka tena. Aliiweka juu ya meza kwa uchungu, akasema haielewi, maana hii aliambiwa ni ya jeshi.

Afande aliichukua, akaitikisa karibu na sikio, akaifungua, akainusa. Kisha akamuuliza, bila mzaha wowote, "Jeshi la nchi gani?"

Mfugaji alidhani anachekwa. Lakini Afande alisubiri jibu, akitembea, na jibu lisipokuja alimweleza kwa utaratibu kabisa kwamba kama ni ya jeshi, basi kuna jeshi fulani lililoinunua, na kuna mtu fulani katika jeshi hilo aliyeizamisha majini akaandika jina lake kwamba ameizamisha. Akamuuliza tena kama aliyemuuzia alimtajia mtu huyo. Swali hilo la nchi gani aliwauliza watu wengi baada ya hapo, na sikumwona hata mara moja akitabasamu anapoliuliza.

Usidhani alikuwa mtu wa kuliabudu jeshi. Aliposimulia habari za karakana, alisimulia zaidi vitu vilivyoharibika. Redio zilizokufa kwa mvua ya siku mbili. Simu za waya za kubebwa mgongoni, nzito kama jiwe la kusagia, zilizokataa kuita. Alisema jeshi nalo hununua kwa aliyetaja bei ndogo, kama serikali yoyote. Alichokipenda kilikuwa kitu kimoja tu, nacho ni kadi ndogo iliyofungwa kwa uzi kwenye kila kifaa kilichotoka karakana, yenye orodha ya alichofanyiwa na sahihi ya aliyefanya. Kifaa kikirudi kimekufa, ilijulikana nani aulizwe. Alisema kadi hiyo ilimfanya alale vibaya kwa miaka mingi, na kwamba fundi anayelala vizuri sana apekuliwe.

Halafu huyo huyo, juu ya mlango wa kibanda chake, alikuwa ameandikisha kwa rangi nyekundu: FUNDI WA JESHI – REDIO, TV, KOMPYUTA.

Nilimuuliza siku moja inakuwaje anawakatalia wengine neno ambalo yeye mwenyewe analitundika mlangoni. Alisimama kidogo, jambo la nadra, akalitazama lile bango kama vile limeandikwa na mtu mwingine. Akasema kwamba mwanzo aliandika Fundi Redio, akakaa wiki tatu bila mteja, wakati jirani yake wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa hajui kushika pasi ya kulehemu, alijaza watu. Akasema, "Binti, njaa ndiyo iliyoandika." Akarudi ndani.

Alikuwa na majivuno pia, na yalimgharimu. Alijiona anaweza kujua kifaa kizuri cha umeme kwa kukipima mkononi. Kilichomo ndani ya kompyuta kinachopokea umeme wa ukutani, ambacho sisi tulikiita pawasaplai, kikiwa kizuri huwa kizito kwa sababu ya shaba na vyuma vya kupoozea; kikiwa cha hovyo huwa chepesi. Umeme wetu ulipanda na kushuka, kwa hiyo vitu hivyo viliungua kila mara, na Afande alivichagua kwa wateja wake kwa kuvirusha juu kidogo na kuvidaka. Mwuzaji mmoja wa Tunduma alimletea vitano vizito ajabu, kila kimoja kikiwa na nyota na neno la jeshi ubavuni. Afande alivipima, akacheka ile nyota, lakini uzito ukamshinda, akavichukua vyote. Cha kwanza kiliungua wiki ile ile. Alipokifungua alikuta kipande cha saruji kimegandishwa ndani ya boksi ili kuongeza uzito.

Mtu mwingine angekitupa. Yeye alikiweka dirishani, kikiwa wazi, saruji inaonekana, na kila mteja aliyesifu ujuzi wa mikono yake alimwelekeza pale. Aliwaita wateja wanne waliobaki mmoja mmoja, akawafungia vingine. Nilidhani baada ya hapo angekuwa mwangalifu daima. Na mimi nilijidhania hivyo hivyo.

Sasa nifike kwenye ile laptopu, maana hapo ndipo jina langu linapoingia.

Kando ya ziwa, kijiji kimoja cha wavuvi mbele kidogo ya Kirando, kulikuwa na zahanati ndogo ya masista. Sista aliyeiongoza alikuwa mwanamke mfupi, mchapakazi, mwenye sauti ya chini, aliyepanda Sumbawanga mara moja kwa miezi miwili kufuata dawa na kuchapisha fomu kwangu. Alikuwa na wagonjwa wengi wa kifua kikuu, na dawa zake siku zile zilimezwa miezi minane. Mgonjwa akikatisha, ugonjwa hurudi ukiwa mkali zaidi. Kwa hiyo rejista ilikuwa kila kitu: nani ameanza lini, amefika mwezi wa ngapi, anakaa dago lipi. Dago ni kambi ya wavuvi, na wavuvi huhama. Rejista yake ilikuwa daftari kubwa lililokwisha kulowa na kunuka dagaa, na alitaka kompyuta.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba na kompyuta mbili, na nilijiona ndiye ninayejua mambo hayo katika mtaa wetu. Yule mwuzaji wa Tunduma, aliyeapa kwamba saruji ile naye aliuziwa bila kujua, alikuwa na laptopu moja iliyonitoa macho. Ilikuwa nene, ina mpira mweusi pembeni zote, mpini wa kubebea, na stika ya kijani yenye nyota na maneno ya Kiingereza yaliyosema imetengenezwa kwa daraja la kijeshi: haiogopi kuanguka, vumbi wala maji. Nilifikiria barabara ya kushuka ziwani, malori, makorongo, joto. Nikamwambia Sista hiyo ndiyo yenyewe. Alinijibu kwamba ataichukua iwapo Afande ataikagua na kumwandikia barua, kwa kuwa wafadhili wake walitaka barua ya fundi.

Afande alitaka siku tatu. Alitaka kuifungua, kisha kuiacha inafanya kazi kutwa, siku tatu mfululizo, na kuitikisa kwenye tairi la lori. Mwuzaji alikataa. Alionyesha karatasi ndogo ya rangi ya fedha iliyobandikwa chini kama lakiri, akasema ikichanika hakuna wa kumrudishia. Na alikuwa anaondoka jioni ile. Sista alikuwa na lori la kushuka kesho yake asubuhi. Mimi nilikuwa katikati yao, na niseme ukweli, nilikuwa nasukuma. Sista alikuwa ameniahidi kazi ya kumfundisha karani wake na kuhamisha rejista yote, kazi ya wiki nzima, na nilitaka mtu aje kusema ni mimi niliyeleta kompyuta ziwani. Nilimwambia Afande kwamba anaogopa vitu vipya. Nilimwambia kwamba kampuni kubwa haiwezi kuandika neno kama hilo bure.

"Hawaandiki bure," alisema. "Wameangusha moja, wakaandika juu ya elfu. Na walioangusha ni wao wenyewe."

Lakini aliichukua, akaiwasha, akaizima, akaigeuza, akaitazama kwa muda wa saa moja akitembea nayo mkononi. Mwisho akararua kipande cha karatasi na kuandika kwa mwandiko wake wa kulalia: *Nimeiona. Inawaka.* Akaniambia niandike hivyo kwenye barua.

Nilikaa kwenye mashine yangu. Maneno mawili hayafanyi barua. Nilianza na Kumbukumbu Namba, nikaweka Kwa Yeyote Anayehusika, na nilipofika kwenye lile neno lenyewe mikono yangu iliendelea kana kwamba haikuwa na mwenyewe: *Kifaa kimekaguliwa na kuthibitishwa kuwa cha daraja la kijeshi, na kinafaa kwa matumizi ya mazingira magumu.* Ilisomeka vizuri. Nilimpelekea. Alikuwa na redio ya mteja mkono mmoja na pasi ya kulehemu mkono wa pili, anatembea, na mwuzaji amesimama mlangoni. Aliweka pasi chini, akasaini, akaichukua tena. Hakusoma. Kwa nini asome, wakati nimeandika mimi?

Nilishuka ziwani na Sista. Wiki ile ilikuwa nzuri kuliko zote za maisha yangu ya kazi. Tulihamisha daftari lote, karani akajua kuandika na kuhifadhi, na Sista akasema sasa daftari lipumzike, kwa kuwa karani alikuwa mmoja na hawezi kuandika kila kitu mara mbili. Nilikubaliana naye. Nilikuwa nimeona stika kama alivyoiona yeye.

Ilidumu mwaka mmoja na miezi michache. Katika muda huo ilipanda na kushuka ule mteremko wa ziwani mara nyingi ndani ya malori ya dagaa, kwa sababu Sista aliileta kila alipokuja kuchapisha taarifa. Siku moja wakati wa joto iligoma. Karani aliiwasha ikapiga kelele ya kukwaruza, kisha ikanyamaza. Sista alinitumia ujumbe kwa dereva wa lori: mashine imekufa, wagonjwa wako mlangoni, hatujui wamefika wapi.

Nilimpelekea Afande ule ujumbe. Aliusoma mara moja. Hakusema nilikwambia. Alifunga kibanda mchana ule ule, akachukua sanduku lake, na asubuhi tulikuwa juu ya lori la kwenda Namanyere.

Aliifungua juu ya meza ya kuchomea sindano, mimi na Sista tukimtazama. Alichana ile karatasi ya rangi ya fedha kwa ukucha. Ndani kulikuwa na mashine ya kawaida kabisa, kama zile za ofisini, na diski ya kawaida iliyofungwa kwa skrubu mbili bila kitu chochote cha kuikinga na mtikiso. Ule mpira wa nje ulikuwa umebandikwa kwa gundi tu, na upande mmoja ulikuwa umeziba matundu ya kutolea joto. Alimweleza Sista polepole. Joto la ziwani halikuwa na pa kutokea, na kila korongo la barabara liligonga moja kwa moja kwenye diski. Nje ilikuwa ya vita, ndani ilikuwa ya mezani.

Ili niwe mkweli, niseme hapa kwamba hakuamini kuwa maneno hayo huwa ya uongo daima. Mwaka mmoja kabla, wapima ardhi walimletea laptopu iliyoanguka kutoka garini karibu na Msanzi. Kioo kilikuwa kimepasuka, lakini ilifanya kazi. Aliifungua akakuta diski imelazwa ndani ya kitu laini kama ute, na kwenye kitabu chake kulikuwa na ukurasa mzima unaoeleza iliangushwa kutoka kimo gani, mara ngapi, ikiwa imewashwa au imezimwa. Alinionyesha ukurasa huo kwa heshima kubwa. Na neno jeshi lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu, kwa herufi ndogo. Kwake, ubora ulikuwa ndani na kwenye ukurasa ule. Stika ilikuwa mwaliko tu wa kwenda kutazama.

Sista alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye kabati, akatoa faili, akaitoa barua yangu na kuiweka mbele yake. Hakupandisha sauti. Alimuuliza tu, "Afande, na hii?"

Aliichukua. Nilimwona anaisoma kwa mara ya kwanza. Alisoma mstari ule, akasimama hapo, akaurudia. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilisubiri anigeukie. Alikunja barua, akairudisha kwenye faili kwa mkono wake, akamwambia Sista, "Sahihi ni yangu. Tuanze kutafuta watu."

Nilipaswa kusema pale pale. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni swali kuhusu lini tunarudi.

Diski aliileta kwangu, tukapata miezi saba ya mwanzo. Iliyobaki ilikuwa imeenda. Kwa msaada wa kadi za wagonjwa, kumbukumbu ya muuguzi na makopo ya dawa stoo, Sista aliwapanga karibu wote. Walibaki tisa. Walikuwa watu wa madago, kadi zao zimelowa, zimepotea au wamehama nazo, na hakuna aliyejua wako mwezi wa tatu au wa saba. Afande alirudi ziwani. Kwa wiki tatu alizunguka na muuguzi, kwa boti na kwa miguu, dago hadi dago, kati ya vichanja vya dagaa. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba hakupumzika hata pale alipopaswa kupumzika. Akishuka kwenye boti alikuwa ameshaanza kuuliza kabla ya miguu yake kukauka. Alikaa na kila mgonjwa na kumsaidia kuhesabu kwa njia yake: ulianza kabla ya Pasaka au baada ya Pasaka, mtoto alikuwa ameshazaliwa, boti la nani lilikuwa limezama.

Waliwapata wanane. Wawili ilibidi waanze dawa upya kwa kuwa haikujulikana wamefika mwezi wa ngapi, na mmoja kati yao, mama wa watoto wanne, alilia sana, kwa sababu sindano za mwanzo zilikuwa zimemtesa na sasa alitakiwa kuzirudia. Afande alikuwepo alipolia. Hakunisimulia, nilisikia kwa muuguzi.

Wa tisa hakupatikana. Alikuwa seremala wa maboti, mtu wa makamo, aliyeondoka na kazi yake bila kuaga. Wengine walisema amevuka kwenda Kongo, wengine wakasema yuko kusini.

Afande aliporudi mjini alikopa ngazi, akapanda juu ya mlango wake na kupaka rangi nyeupe juu ya maneno mawili ya mwisho ya FUNDI WA JESHI. Likabaki FUNDI – REDIO, TV, KOMPYUTA. Aliyepita akamuuliza kulikoni, akasema anarekebisha hesabu. Kazi ilipungua kidogo. Tuliendelea kuwa majirani, tukasalimiana kila asubuhi, shikamoo, marahaba binti, akanitengenezea mashine zangu kama kawaida. Lakini kila nilipompelekea karatasi ya kusaini, hata risiti, aliivuta karibu na macho na kuisoma neno kwa neno, nikiwa nimesimama mbele yake. Hakufanya hivyo kunikomoa. Ndivyo nilivyojiambia. Nilikuwa nikitoka pale nikijikuta napanga na kupangua madaftari kwenye rafu bila sababu.

Miaka ikapita. Simu za mkononi zikaingia, akatengeneza simu. Macho yakaanza kumsumbua. Alifunga kibanda, yeye na mkewe wakahamia Msanzi, kwa akina mkewe, wakalima mahindi na ulezi. Niliambiwa na watu kwamba haonekani sana nyumbani, kwamba kila kiangazi hushuka Kasanga ziwani, peke yake, na hakuna anayejua anafuata nini. Mimi nilijua, au nilidhani najua, na ndiyo maana nilichelewa miaka yote ile kwenda kumsalimu.

Nilikwenda mwaka jana, baada ya mavuno. Mkewe alikuwa anapepeta ulezi uani, akanipokea kwa furaha, akaniambia mzee yuko nyuma. Nilimkuta anakagua paneli ya sola ya jirani, ameishika karibu kabisa na uso, anapapasa nyaya zake kwa vidole. Amekonda. Nywele zote nyeupe.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, binti," alisema, akanitambua kwa sauti. "Duka halijambo?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka mjini, na yote yalipotea. Nikamwambia tu kwamba ile barua ya Sista niliibadilisha mimi. Kwamba yeye aliandika ameiona na inawaka, na mimi nikaandika nilichoandika.

Hakushangaa. Aliendelea kupapasa waya mpaka akafika mwisho wake.

"Niliisoma kule kule," alisema.

"Kwa nini hukumwambia Sista?"

"Angefanya nini na jina lako? Alihitaji watu wake." Akaweka paneli chini, akaegemeza ukutani. "Na mimi nilisaini kitu ambacho sikukisoma. Wewe uliongeza maneno, mimi niliyafanya yawe kweli."

Nilitaka aseme amenisamehe, au anifukuze, chochote kati ya hayo. Badala yake alijifuta mikono kwenye suruali, akaniambia kwamba amempata yule seremala. Ilikuwa mwanzoni mwa kiangazi kile kile, Kasanga, karibu na gati. Alikuwa amepita pale miaka mitatu mfululizo bila kumjua, kwa sababu aliambiwa atafute mtu mwembamba, na huyu alikuwa amenenepa. Seremala alikuwa amemaliza dawa zake zote. Aliondoka na kadi yake, akaionyesha zahanati nyingine kusini, wakamkamilishia miezi iliyobaki. Pakiti tupu za dawa alizihifadhi kwenye sanduku la misumari, akamwonyesha.

"Nilimweleza tulivyomtafuta," Afande alisema. "Akaniuliza, 'Kwani mzee, mimi nilipotea lini?'"

Alisema hivyo bila kucheka, na mimi sikucheka. Nilikaa juu ya kinu kilicholazwa pale. Mkewe alituita tukale. Tulikula, na wakati wa kula nilimwambia kwamba nataka kushuka Kasanga nimwone mtu huyo kwa macho yangu. Alisema kuna lori asubuhi, na kabla sijamaliza ugali wangu alikuwa ameshasimama kutafuta koti lake, kana kwamba asubuhi ingefika haraka akiwa amelivaa.

Tulifika kabla ya adhuhuri. Joto la kule chini lilitupiga kama mlango. Seremala alikuwa anafanya kazi mchangani pembeni ya boti ambalo halijafunikwa ubavu mmoja, mtu mnene, kifua wazi, jasho linamtiririka, anapumua vizuri. Alimwamkia Afande kama mtu wa nyumbani. Mimi nilijitambulisha, kisha nikamsimulia yote, tangu stika mpaka barua, na sikupunguza kitu. Nilimwambia kwamba kwa ajili ya mstari niliouandika mimi, kwa muda hakuna mtu aliyejua kama yeye ni mzima au amekufa. Afande alikuwa ameshaondoka, anazunguka lile boti akipapasa mbao zake.

Seremala alinisikiliza mpaka mwisho. Alitazama boti lake, akatazama mikono yangu. Kisha akaniomba nimshikie ncha ya ubao, maana alikuwa peke yake tangu asubuhi, na ubao ule ulihitaji watu wawili.